Obwato wa Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai 2025
Nimeona kwenye simu mchezo unaitwa bobsledi. Watu wanajipakia kwenye kitu mfano wa mtumbwi, wanateremka mlima wa barafu, wanavishwa medali. Wamo hata wa nchi za jua kali. Mtanzania sikumwona. Basi ni mimi! Hapa Ihembe barafu hatuna ila ya friji, lakini miteremko tunayo ya kumwaga. Nikamweleza mke wangu Auleria. Akauliza kama taifa lina habari. Nikamjibu nabii hana heshima kwao. Akaendelea kumenya ndizi.

Jumanne, 8 Julai
Chombo nimepata. Obwato wa mama mkwe, ule mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe. Umbo lile lile! Kasoro ndogo: shemeji Mackrine anaolewa Jumamosi. Ndizi za rubisi zimeshavundikwa shimoni na keshokutwa lazima zikamuliwe, la sivyo zinaoza. Harusi kavu, wakwe watatusema hadi kwa wajukuu. Nikaenda kwa mama mkwe, shikamoo ya kupinda mgongo, nikasema nauchukua nikauzibe ufa. Akashukuru, akasema Auleria kapata mume. Roho ikanisuta. Akaleta matoke na maharage, ikanyamaza.

Jumatano, 9 Julai
Msukumaji ni jirani yangu, Theoneste. Nilimwambia tunakwenda kuteleza na obwato, akauliza ziwa gani. Tukatandika magome mabichi ya migomba mteremko mzima. Akasukuma. Mungu wangu! Nikapita mibuni, nikapita kwaya ya Walutheri mazoezini, wakaacha wimbo katikati. Namna ya kusimama sikuwa nimeifikiria. Nilisimama uani kwa mama mkwe, juu ya mikeka ya kahawa yake. Mimi mzima. Obwato vipande viwili. Mama mkwe akanitazama, akauliza kama ufa nimeshauziba.

Alhamisi, 10 Julai
Mama mkwe haongei nami. Kumbe obwato aliuchonga marehemu mumewe kwa mikono yake. Sikujua. Nimeumia kweli. Auleria alidamkia Kibingo kwa shangazi yake, akarudi na obwato mwingine wa kuazima juu ya pikapu. Mbele ya ukoo akasema ule wa zamani ulikuwa na ufa tangu awali. Mwanamke huyu! Nimekanyaga ndizi mpaka magoti yakagoma. Jioni mama mkwe alikuja kuonja juisi, akasema kumbe miguu yangu ina kazi. Nimefurahi kuliko nilivyostahili.

Jumapili, 13 Julai
Harusi imepita salama. Rubisi ilitosha, wakwe walikunywa, wakaimba, wakasahau njia ya kwao. Mama mkwe mwenyewe alinipa kibuyu mkononi. Akasema marehemu naye alikuwa na wazimu wake, ila hakuupitisha juu ya kahawa ya mtu. Nililia mbele za watu. Nikaapa nimekoma.

Kesho tunarudisha obwato wa shangazi. Ni mrefu kuliko ule, unakaa wawili sawasawa, na kule Kibingo njia ya kuingia kwake ni mteremko mtupu. Magome nimeshakata. Auleria amesema haniamini, atanifuata nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni. Vizuri sana. Kwenye bobsledi anayekaa nyuma ndiye mshika breki, na tangu tuoane sijaona anayenisimamisha kama yeye.