Kihisi Joto cha Jiko la Mama

Jumatatu, 9 Juni
Makande mabichi tena. Jiko la presha la umeme limelia, limeandika E3, limezima. Ni mimi niliyemshawishi Mama alinunue. Ni mimi pia niliyempa Tatu jiko letu la mkaa, Tatu mshindani wetu hapa stendi ya Mombo, ili Mama asipate njia ya kurudi nyuma. Mbinu bora! Leo abiria wa Lushoto wamekula makande ya Tatu, yaliyopikwa kwenye jiko letu. Akanipungia mwiko.

Mama amesema tukikosa wateja hadi Ijumaa, nitakwenda Kwamsisi kulima kwa Mjomba Lukasi. Nikamkumbusha nina shahada ya fizikia. Akasema mahindi hayaulizi.

Jumanne, 10 Juni
Mshukiwa amepatikana: kihisi joto, kile kitufe kilicho katikati ya bamba, chini ya sufuria. Kinaliambia jiko makande yanaungua wakati maharage bado yanagonga kama kokoto. Mwongo! Nimeazima mita kwa Gerald, fundi redio. Akaomba kuja kusaidia. Nimekataa.

Jumatano, 11 Juni
Nimepima kihisi kwenye maji baridi, kisha ya moto. Kizima! Nimerudia, nikitumaini sasa kitakuwa kibovu. Kizima. Nimelala kifudifudi mkekani. Bibi akauliza kama ni homa. Nikasema ni maisha. Akaniletea uji.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemkuta Bibi uani anapaka majivu na udongo chini ya sufuria ya jiko, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Shikamoo Bibi, unafanya nini? Akasema sufuria nzuri hivi haipandi jikoni uchi, itashika masizi. Masizi! Ya umeme! Amepaka kila asubuhi tangu jiko liletwe. Joto linanaswa chini ya tope, kitufe kinadhani kila kitu kinaungua. Tope lenyewe niliwahi kuliona. Nilidhani ni rangi ya kiwandani.

Nimekwangua, nimesugua, nimelia kidogo. Mchana makande yameiva laini. Mama amecheka. Nimeokoka!

Ijumaa, 13 Juni
Jiko linafanya kazi, lakini polepole. Kihisi kina woga, kinakata moto mapema. Nimelifungua na kuongeza kidude kutoka redio mbovu ya Gerald, ili kihisi kisome joto dogo kuliko lililopo. Basi la Lushoto lilipoingia, moshi ulikuwa umetangulia. Makande meusi tii. Tatu akanipazia sauti mbele ya abiria: Josefina mdogo wangu, kumbe siku hizi mnauza mkaa?

Mama alikwenda kufungasha begi langu.

Jumapili, 15 Juni
Kwamsisi. Mikono ina malengelenge. Hakuna anayejua fizikia hapa, wala anayeitaka. Mjomba Lukasi ana pampu ya kumwagilia nyanya. Inafanya kazi vizuri. Nimeitazama tangu asubuhi.

Nadhani inaweza kufanya vizuri zaidi.