Kava ya Kushoto

Jumatatu, 8 Julai 2024

Misigiri. Baridi. Upepo tangu alfajiri.

Mzee Antipasi ametangaza leo, kabla hatujamaliza kumwamkia. Anarudi kwao Kintinku kuangalia ng'ombe wake. Anaondoka Jumamosi, kwa pikipiki yake mwenyewe. Gereji inabaki, na ufunguo atamwachia mmoja wetu: mimi au Lazaro. Atakayeupata ndiye msimamizi. Asiyeupata atatumwa na mwenzake.

Miaka kumi na moja! Nina mvi nne, nimezihesabu, na wateja bado wananiita kijana wa Mzee.

Nilimkumbusha Mzee, kwa heshima, kwamba nilifika gerejini siku tisa kabla ya Lazaro. Tarehe ninayo kwenye daftari. Mzee alisema nzi walifika kabla yetu sote na hajawahi kufikiria kuwapa ufunguo. Lazaro alicheka mpaka akashika meza.

Kisha mtihani. Mzee alifungua kava mbili za injini ya pikipiki yake. Ya kulia, upande wa klachi, akampa Lazaro. Ya kushoto, upande wa sumaku, akanipa mimi. Tuzipulizie rangi ya fedha inayostahimili moto, tuziivishe, tuzifunge mahali pake. Jumamosi asubuhi atalowesha kitambaa kwa petroli na kufuta. Rangi isiyoiva huondoka na petroli kama vumbi. Mzee alisema sitasikia matokeo kwa mtu, nitayaona kwenye kitambaa.

Kushoto! Pikipiki ikisimama kwa stendi yake huinamia kushoto. Kwa hiyo upande wangu unatazama mavumbi. Upande wa Lazaro unatazama mbingu. Nimeona njama.

Kopo la rangi linasema: nyuzi mia mbili, saa moja kamili. Gereji yetu ni mabati matupu, na chini ya mabati pana nafasi ya paka kupita bila kushusha mkia. Nyuzi mia mbili nitazitoa wapi?

Jumanne, 9 Julai

Nimefuata utaratibu. Msasa mkavu, msasa wa maji, petroli, kitambaa safi. Tabaka la kwanza saa tatu na dakika kumi. Rangi ilitoka koponi kwa kukohoa. Ikadondoka, ikachirizika. Nikafuta, nikaanza upya.

Lazaro hakuwa ameanza kitu. Kopo lake lilikuwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na yeye kando yake anakunywa uji. Nilimuuliza kama kopo lake ni mtoto mchanga na kama atalipaka mafuta likishatoka majini. Alisema kopo nalo huona baridi, ndugu yangu, na mwenye baridi hatemi vizuri. Nilicheka kwa sauti, ili Mzee asikie upumbavu huo.

Rangi ya Lazaro ilitoka laini kama maziwa.

Saa kumi jioni nilijaribu yangu kwa kidole gumba. Bado mbichi. Imebaki alama ya gumba, mistari yote, ingefaa kabisa kwa kitambulisho cha taifa.

Lazaro amelaza kava yake juu ya wavu, jiko la mkaa chini, nusu pipa juu. Anaigeuza taratibu. Anasema ataipasha hivyo kila siku kidogo kidogo, katikati ya wateja. Pipa ni moja. Niliomba zamu. Akaniambia nije Jumamosi jioni.

Sikulala vizuri. Nimefikiri.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata!

Jirani yetu Bibi Agripina anafuga kuku wa kienyeji. Vifaranga wake anawalea ndani ya boksi kubwa la mbao lenye chungu cha mkaa katikati. Usiku na mchana mna joto. Huwa anasema nyuzi thelathini na tano. Nimepiga hesabu. Kopo linataka nyuzi mia mbili kwa saa moja. Mia mbili gawanya kwa thelathini na tano ni saa tano na dakika arobaini na tatu. Joto ni joto. Kinachotakiwa ni subira tu.

Nilipaka upya alfajiri. Nilipofika kwake nilimpa shikamoo yake, nikamsifia vifaranga, nikaomba niwatazame kwa karibu. Alipoingia ndani kuchukua pumba, nikaisimamisha kava kwenye kona ya boksi, nikafunika. Saa mbili na dakika hamsini. Nimeandika.

Nilirudi saa nane na dakika thelathini na tatu, sawasawa na hesabu. Nilikutana na sauti ya Bibi Agripina kabla ya kukutana naye. Anafoka kwa Kinyiramba, na mara zote amenisemesha Kiswahili.

Chuma kinashika joto. Vifaranga wanapenda chuma chenye joto. Walikuwa wameilala kava yangu kama mama yao. Kava imeota manyoya! Manyoya laini ya manjano, nyayo ndogo ndogo kila upande. Na vifaranga kumi na mmoja wamekuwa rangi ya fedha.

Bibi Agripina alirudi kwenye Kiswahili ili nisikose hata neno. Aliniuliza ni kuku gani nimewahi kumwona anaatamia injini. Alisema sitatoka pale mpaka kila mmoja amekuwa wa manjano kama alivyoumbwa. Akaleta mafuta ya alizeti, sabuni na maji ya moto. Nimewasafisha mmoja mmoja kwa pamba. Nimewakausha ndani ya koti langu. Kumi na mmoja wazima. Mmoja ana kucha za fedha, lakini anaonekana kufurahia.

Lazaro alikuja mpaka kwenye ua, akaegemea. Aliuliza vifaranga hao wanatumia petroli au dizeli.

Alhamisi, 11 Julai (imeandikwa Singida mjini)

Mpango wa jana ulikosa joto la kweli. Hilo tu. Kanuni ilikuwa sahihi.

Leo nimeamka saa kumi na moja. Nikaondoa manyoya kwa msasa, nikapaka tena. Safari hii nilitia kopo kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Wazo hilo limenijia lenyewe.

Miraji ni dereva wa lori. Akitoka Shelui hufunga bakuli la nyama kwenye bomba la moshi, nyuma ya kabini, na akishapanda mlima Sekenke akifika huku Misigiri nyama imeiva. Nimeila mara mbili. Mlima ule unachosha malori mpaka bomba linakuwa jekundu. Nani alisema nitafute oveni? Oveni inapita barabarani kila siku!

Nimewahi kupima malori kumi na manne kwa saa yangu. Shelui mpaka njia panda ya Misigiri: wastani saa moja na dakika tano. Kopo linataka saa moja. Sikuamini macho yangu.

Nikamwambia Mzee naenda mara moja kutafuta bolti. Nikashuka Shelui kwa bodaboda. Kule chini kuna joto, watu wamevaa fulana. Miraji alikubali. Tulifunga kava kwa waya, imara, mahali pa bakuli. Nilimpa masharti matatu na nikamtaka ayarudie. La kwanza, asiiguse. La pili, asiimwagie maji. La tatu, asisimame kwa sababu yoyote kabla ya saa moja kutimia, hata akiniona mimi mwenyewe. Alinijibu kwamba yeye ni Mwislamu na ahadi kwake ni deni, nisiwe na shaka.

Sikupanda naye. Kiti cha abiria kilikuwa na mama mkwe wake na vikapu vinne, na mama mkwe hasukumwi. Nikatangulia kwa bodaboda, nikasimama njia panda.

Baada ya dakika thelathini na mbili nikaona lori linakuja. Linakimbia! Lilikuwa tupu. Mzigo aliushusha Nzega jana. Sikumuuliza. Naye hakusema. Malori yangu kumi na manne yote yalikuwa na mzigo.

Nilipunga mikono. Nikaruka. Nikavua koti nikalipeperusha. Miraji alinitikisia kidole, akaonyesha saa yake ya mkononi, akapita. Mama mkwe alinipungia mkono kwa upole.

Saa moja ilipotimia alipiga simu. Amesimama, kama tulivyopatana. Akauliza niko wapi. Nikamwambia niko nilipokuwa. Akasema anawahi kupakia mashudu Singida mjini, basi nimfuate.

Basi lilichelewa. Nilimkuta saa kumi na moja jioni. Nikapanda juu, nikakwaruza kava kwa ukucha. Haikukubali. Nikakwaruza kwa funguo za Miraji. Haikukubali! Inang'aa kama sufuria ya harusi. Nililia kidogo, nikasingizia moshi.

Mabasi ya kurudi yamekwisha. Niko kwa dada yangu Eliza. Nimemweleza kwamba nimekuwa msimamizi. Amechinja jogoo. Nimekula paja na shingo.

Ijumaa, 12 Julai

Nimefika gerejini saa sita mchana, kava kifuani kama mtoto.

Mzee aliuliza bolti ziko wapi. Nilimwambia zilikuwa adimu. Akaendelea kupanga spana zake. Simpendi akipanga spana.

Lazaro alikuwa chini ya pikipiki ya mteja, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Wateja tisa jana, alisema, na watano tangu asubuhi. Alinipa pole ya safari. Pole ya Lazaro ina miiba.

Nimefunga kava yangu. Bolti moja moja, kwa kupishana, kama inavyotakiwa. Yake ilikuwa tayari imefungwa upande wa pili. Nikaitazama. Niseme ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomi mtu: ni nzuri.

Wote wawili walipoenda kula, nilichukua kitambaa cheupe na petroli. Nilitaka kumsaidia mwenzangu ajue mapema kama rangi yake haijaiva. Nikafuta. Nikafuta tena kwa nguvu. Mara kumi na nne. Kitambaa kilibaki cheupe. Nimeumia sana.

Lazaro alirudi akanikuta nimepiga magoti upande wake. Alinishukuru kwa kumsafishia.

Kesho tutatoka sare. Katika sare huangaliwa nani alifika kwanza. Siku tisa! Nimeweka alama kwenye ukurasa wenye tarehe.

Jumamosi, 13 Julai

Mzee alifunga mzigo wake mapema. Blanketi, redio, spana zake tano alizokuja nazo ujanani. Nyingine zote ametuachia sisi.

Alilowesha kitambaa. Upande wa kulia: cheupe. Akakigeuza. Akaja kushoto. Nilishika ukingo wa meza. Akafuta. Akafuta tena. Akakiangalia mwangani.

Cheupe!

Alisema kava ya kushoto ndiyo iliyoiva zaidi. Alisema hajawahi kuona rangi imeshika hivyo, na akauliza niliivishia wapi. Nikamweleza yote, mpaka dakika. Alisikiliza mpaka mwisho. Wakati wa mama mkwe alicheka akafuta macho.

Kisha akauliza nani alifungua gereji Alhamisi. Lazaro. Nani alimzibia muuguzi pancha asubuhi akiwahi kazini. Lazaro. Nani alifunga jioni, nani akafungua jana. Akasema: Elisha, mwanangu, kwa mkono unamshinda. Ningekuwa natafuta mtu wa kupaka, ningekuchukua wewe mpaka Kintinku. Lakini huu ni ufunguo, na ufunguo ni wa mtu anayekuwepo mlangoni.

Akampa Lazaro.

Nilikuwa nimeshafungua daftari penye tarehe. Nikalifunga.

Mzee aliwasha, akanishika bega kwa muda, akaondoka. Kava yangu iling'aa mpaka alipopita kona. Upande wa kushoto, wakati pikipiki inaenda, unaonekana vizuri tu.

Lazaro hakunicheka. Hilo ndilo baya zaidi. Alinipikia chai.

Jumatatu, 15 Julai

Nimetafakari Jumapili nzima, hata ibadani. Mzee ana haki. Kosa langu nimeliona wazi, na nimeliandika ili nisilirudie: niliondoka gerejini. Fundi anatakiwa awepo mlangoni. Sitaondoka tena.

Leo amri ya kwanza ya msimamizi Lazaro. Kuna injini ya mteja, kava zote mbili zipakwe na ziivishwe ifikapo kesho. Ameniachia jiko na nusu pipa. Amesema, kwa upole ule wake, nifanye tu hivyo, nisiongeze kitu. Ameenda Kiomboi kununua vipuri. Anarudi saa kumi.

Nusu pipa! Kugeuza kama anayechoma mahindi!

Niko hapahapa mlangoni. Sijatoka hata hatua. Nimepiga simu tu. Miraji yuko njiani kutoka Shelui, na safari hii nimeuliza: ana mzigo, tani thelathini za mchele. Bomba litakuwa jekundu. Ataingia gerejini kinyumenyume na kuacha injini inaunguruma kwa saa moja kamili. Ameahidi kutozima hata nikimwomba.

Nimemuuliza Miraji upana wa lori, nikapima mlango kwa kamba. Panapungua kidogo. Nimeng'oa mabati manne na nguzo moja.

Upepo unaingia wote. Rangi imeanza kuchirizika. Si kitu.

Nasikia honi.