Kidonda cha Dunia Uani kwa Matano

Habari kwamba dunia ni kiumbe hai ziliwasili Likoni Jumatano moja baada ya sala ya alasiri, mwaka ule wa sitini na moja ambao mvua ilikuja ikasahau njia ya kurudi kwao. Zililetwa na Mohdhar, aliyeitwa Gazeti kwa sababu alisoma kila karatasi, hata iliyofungiwa bajia. Na kati ya wote waliokuwa wakinywa kahawa barazani kwa Ghalib, hakuna aliyezihitaji habari hizo kama Matano.

Kisa chake kilikuwa shimo. Mama mkwe wake, Bi Mwanarehema, alikuwa aje kutoka Msambweni siku ya Ijumaa, na kwao Matano mkwe na mama mkwe hawatumii choo kimoja. Afadhali mtu ale sahani moja na simba. Mkewe, Mwanatabu, alimwambia achimbe cha pili. Matano akanunua jembe. Tangu hapo jina lake likawa Jembe Jipya, maana miezi ilipita na jembe liling'aa vile vile.

"Sikilizeni," Gazeti alisema akikunjua karatasi yenye mafuta. "Mtaalamu mmoja wa ng'ambo yuwasema dunia i hai. Ni mwili. Ikipata joto yatoa jasho, jasho lapanda likawa mawingu, mvua yanyesha, yapoa. Yajipima homa yenyewe, yajitibu yenyewe."

"Bila daktari?" aliuliza Kalama, kuli wa bandarini, pande la mtu aliyeitwa Winchi.

"Bila daktari. Tazama bahari. Mito yaitilia chumvi tangu zama za Nabii Nuhu, mbona haijawa chungu kama dawa ya malaria? Yajionja, yajirekebisha."

Ghalib aliliweka chini dele lake la kahawa. "Astaghfirullah! Mchuzi ukikolea sawasawa, basi una mpishi. Usiniletee hapa mchuzi unaojipika wenyewe."

"Mpishi yupo, maalim. Mimi nasifu chungu alichokiumba."

"Hapo sawa. Endelea, lakini kwa adabu."

"Kama yajitibu," Winchi akadakia, "mbona imewaacha wakoloni wakakaa miaka yote hii?"

"Mwili mkubwa huchelewa kuhisi kupe. Lakini sasa si wafungasha? Huyaoni masanduku yao huko bandarini?"

"Nayapakia mimi! Kwa hiyo dunia yajikuna kwa mkono wangu?"

"Mkono wapi! Wewe ukucha tu."

Baraza likacheka. Matano hakucheka. Alikitua kikombe chake kwa uzito wa kadhi anayetaka kuvunja ndoa.

"Jamani, mimi nina ushahidi. Nilichimba."

Ghalib alimgusa paji la uso kuona kama lina moto.

"Lini?" Winchi akauliza.

"Jumatatu. Nilifika magotini. Usiku mvua ikapiga, asubuhi natoka, shimo hakuna! Kuta zimeporomoka, zimekutana. Hata jembe nililoliacha ndani silioni. Nikadhani ni mvua. Kumbe kidonda kimefunga!"

"Kimefunga na jembe ndani?"

"Mwiba nao si hufunikwa na nyama? Sasa mimi, mwana wa watu, nikarudie kumtoboa aliye hai? Wewe Winchi ukilala, nije nikuchimbe mgongoni ili mama mkwe wangu apate pa kujisitiri, utaridhika?"

"Na shamba la mihogo la babako, si hulima?"

"Kule ni kunyoa. Kunyoa si kuchoma kisu."

Ghalib alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Haya, Ijumaa Bi Mwanarehema akifika, utamwambia dunia yauguza kidonda?"

"Hapo ndipo pana hekima!" Matano alisimama. "Mto umefurika, barabara ya Msambweni imekatika, gari halipiti. Kwa nini? Dunia imeona nyumba yangu yataka kuingiwa na homa, ikajirekebisha mapema. Mgeni hafiki. Ghalib, nitilie kahawa, na kashata mbili."

Akaketi, akanyoosha miguu. Kwa mara ya kwanza tangu jembe liingie nyumbani kwake, moyo wake ulitulia. Hata matope yaliyomganda visiginoni aliyaona kama jamaa zake.

"Hodi barazani."

Sauti ilikuwa ya chini na laini, na ndiyo maana Matano aliogopa. Mwanatabu akikasirika kidogo hupiga kelele. Akikasirika kweli huzungumza kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Alikuwa amesimama pembeni ya ukuta, leso kichwani, mzigo kwapani.

"Shikamoo, Maalim Ghalib."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema. Mama amefika, hakuingoja Ijumaa."

Kashata ilimkwama Matano kooni. "Mto je?"

"Wamemvusha kwa mtumbwi, kisha akapanda lori la nazi. Saa hii yuko chooni."

"Choo gani?"

"Kwani tuna vingapi?" Mwanatabu alitabasamu. "Nimesimama hapa kitambo. Nilikuja na maneno yangu, lakini haya ya Gazeti ni matamu zaidi. Kumbe hata nyumba i hai. Ina kiasi chake. Ikiwa na mkwe na mama mkwe na choo ni kimoja, yapandwa na homa." Akautua mzigo miguuni pa mumewe: mkeka, mto, na birika la kutawadhia. "Basi imejirekebisha."

"Mpaka lini, mke wangu?"

"Mpaka kidonda kifunguke."

Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Winchi alikuwa amelala chini kwa kicheko. Matano aliutazama mkeka, kisha mawingu, kisha baraza.

"Ghalib, ndugu yangu, usiku huu..."

"Baraza langu nalo li hai. Baada ya isha hutema watu."

"Basi nani ana jembe?"

"Lako liko wapi?" aliuliza Gazeti, na hali anajua.

"Shimoni."

"Basi chimba ulitoe."

"Nichimbe na nini?"

"Na jembe."

"Gazeti, nitakuchana!"

Winchi akamhurumia, akaenda kwake akaleta beleshi la makaa. Baraza zima likamsindikiza Matano hadi uani, Ghalib na dele lake mkononi kama anayekwenda mazikoni. Matano alisimama juu ya kidonda, akatia bismillahi, akasita.

Ndani ya nyumba Bi Mwanarehema akakohoa: kikohozi cha mtu mzima anayejulisha kwamba anataka kutoka, na wanaopaswa kupisha wapishe.

Matano akachimba. Udongo uliruka kama kuku waliofumaniwa na kicheche. Kikapotea kiuno, yakapotea mabega, na jembe likatoka likiwa bado jipya. Magharibi ikikaribia, kilichoonekana ni ncha ya beleshi tu.

Gazeti akainama ukingoni kwa heshima zote. "Jembe Jipya! Mgonjwa asemaje? Dunia yalia?"

Sauti ikapanda kutoka tumboni mwa dunia:

"Anayelia huku ni mimi!"