Masalu Akataa Kununua Upepo

Mdogo wangu Masalu anajua magari kuliko Mjapani aliyeyatengeneza! Msinibishie mimi, nendeni Kiseke mkambishie mwenyewe, na mdomo wake mtaukuta mlangoni.

Tangu anunue kale kagari kake keupe, kalikokwisha kutumikishwa na watu wengine mpaka kakachoka, mtaa mzima haupumui. Ukipita na pikipiki, anakusimamisha akufundishe kubadilisha oili. Ukipita na toroli, anainama kukagua tairi!

Basi feni ya rejeta, ile ya kupoza maji ya injini, ikafa. Fundi Pius akamwambia, "Kaka, usitembee hivi. Gari likienda polepole litachemka." Akamtuma mjini kwa Jitesh, muuza spea.

Masalu akarudi mikono mitupu, kifua mbele.

"Eti Jitesh ananiuzia feni! Yaani mimi ninunue upepo, na ziwa lote hili linapuliza bure?"

"Masalu, nunua feni," nikamwambia.

"Dada, wewe pika. Gari likikimbia, upepo unaingia wenyewe. Hiyo ni sayansi."

Na kweli, alikimbia na upepo ukaingia. Lo! Mjuaji akipatia mara moja, hashikiki tena.

Ikafika harusi ya Dorotea, mtoto wa marehemu kaka yetu. Masalu ndiye baba yake mdogo, kwa hiyo ndiye wa kumshika mkono na kumwingiza kanisani. Padri alishatuonya: nyuma yetu kuna harusi nyingine, bibi harusi akichelewa, arudi Jumamosi ijayo. Jitesh kwa huruma yake akajitolea kutuazima gari lake kubwa. Masalu akawaka!

"Mtoto wa marehemu kaka abebwe na gari la watu, na mimi nipo hai?"

Tukatoka saluni Pasiansi kuelekea kanisani Butimba. Mbele yetu pikapu ya matarumbeta, nyuma sisi: Masalu kwenye usukani na suti mpya, mimi na Dorotea kiti cha nyuma. Sasa niambieni, nani aliwahi kuona matarumbeta yanakimbia? Msafara wa harusi unakwenda mwendo wa kinyonga ili watu washangilie. Upepo wa ziwa ulibaki huko huko ziwani.

Mshale wa joto ukaanza kupanda.

"Masalu, huo mshale vipi?"

"Huo umewekwa na Wajapani, dada. Hawajui joto letu."

Tukafika kipilefti ya Samaki, ule mzunguko wa barabara. Nikasema tunyooshe moja kwa moja, saa zinakwenda. Wapi! Masalu akapiga honi, akawaambia wa pikapu, "Tuzunguke! Watu watuone!"

Na kweli walituona. Gari likakohoa, boneti ikafuka kama sufuria la ugali wa msibani, tukazimika katikati ya barabara. Kila mwenye simu akaitoa kurekodi.

Masalu akashuka, akavua koti, akaanza kuipepea boneti! Kisha akaifungua, akashika mfuniko wa rejeta.

"Usifungue!" akapiga kelele Shimba, mpuliza tarumbeta kubwa.

Akafungua. Maji ya kutu yakaruka juu, naye akaruka nyuma kama mbuzi aliyeona chui. Hakuungua, Mungu mkubwa, lakini ile suti ilikuwa imekwisha kazi.

Dorotea akanishika mkono. "Shangazi, padri atatufungia mlango. Nitarudi nyumbani na shela kichwani?"

Jamani, roho iliniuma. Halafu hasira zikanipanda. "Shimba! Njoo umbebe mtoto huyu!"

Tukampandisha kwenye pikapu katikati ya ngoma na matarumbeta. Masalu naye akataka kupanda, nikamsukuma kwa mkoba. "Wewe baki na sayansi yako!"

Tulimkuta padri mlangoni anatazama saa. Wa kumshika mkono bibi harusi hayupo. Basi Shimba, tarumbeta likiwa begani, akamwingiza Dorotea mpaka altareni. Na alilia huyo! Alilia kutushinda sisi ndugu wa damu.

Baada ya misa, bibi yake bwana harusi, kikongwe asiyetujua sura, aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe, akamng'ang'ania Shimba mkono. "Mkwe, asante kwa kutulelea mtoto."

"Tunashukuru, bibi," akajibu Shimba, hana hata haya. "Tumemlea kwa shida sana."

Hapo ndipo Masalu aliposhuka kwenye bodaboda, akaja mbio, akasukuma watu, akasimama mbele ya bibi.

"Shikamoo, bibi! Mimi ndiye baba yake Dorotea!"

Bibi akamtazama kuanzia nywele mpaka viatu, kutu tupu. Akamwonea huruma ya dhati.

"Marahaba, mwanangu. Chakula ni kule ukumbini, hapa kanisani hawagawi."