Kibuyu Nilichowapelekea Walioacha Pombe

Leo nimeaibika, jamani. Tena ningekuwa nimekunywa ningenyamaza. Lakini mudomo wangu haukugusa hata tone!

Munajua Veronika, bibi yangu, alirudi kwao Makobola sababu ya pombe. (Alikuwa na haki. Tuache hapo.) Baba mukwe akanitumia neno: "Huko Uvira kuna wanaume walioacha pombe, wanakutana kila siku ya Mungu kusaidiana. Ingia kwao. Siku ya Mungu inayokuja nitafika na binti yangu tuone kwa macho yetu. Nisipokuona humo, usimutafute tena."

Haya. Nikaanza kuwatafuta. Wapi! Ukimuuliza muntu, "Wale walioacha pombe wanakutana wapi?" anakasirika: "Minye, mimi huyu, ulishaniona nimelewa?" Padri akasema niulize katekista. Katekista akasema niulize padri. Wiki nzima nabeba mizigo hapa Kalundu huku nauliza, na kila muntu ananijibu kama nimemutukana.

Leo baada ya misa nikaenda kwa muntu ambaye hawezi kukosa kujua: Mama Nyota, muuza pombe. (Musinitazame hivyo. Niliuliza tu!)

"Wako Songo, kwa muzee Yoakimu, ile nyumba ya bati," akasema, uso ameukunja. "Nawajua wote. Walikuwa watu wangu. Na weye sasa unanikimbia?"

"Ni sababu ya bibi yangu, mama."

Akatazama mikono yangu. "Na unaenda hivyo hivyo? Bila kitu?"

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Sababu alisema kweli! Weye unaweza kwenda kwa muzee kumuomba neno bila kubeba kibuyu? Ukiomba shamba, kibuyu. Ukiomba bibi, kibuyu. Ukiomba musamaha, vibuyu viwili. Nikachukua kibuyu cha kasiksi, ile pombe ya ndizi, bado inachemka kwa chachu. Mama Nyota akakiziba kwa majani ya mugomba, akakaza. (Akili yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa kwa baba mukwe.)

Nikakibeba begani toka Kalundu mpaka Songo. Jua hilo! Na Uvira nzima iko njiani inatoka misa.

"Ee, leo kwako iko sikukuu?"

"Naenda kuacha pombe!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na kibuyu chenyewe kikaanza kunguruma karibu na sikio langu. Nikakiambia kinyamaze.

Kwa muzee Yoakimu nikapiga hodi. Ndani wanaume wamekaa, mikono juu ya magoti. Baba mukwe yuko kwenye kiti, ameshika kofia. Veronika yuko kando yake kwenye mukeka, ananitazama. Nikafurahi kumuona! Mulango ulikuwa mufupi, nikainama niingie.

Pwaa!

Kizibo kikaruka, kikamupiga muzee Yoakimu kifuani. Pombe ikanimwagikia kichwani, machoni, kwenye shati jeupe la misa, mpaka ndani ya viatu. Povu likatembea sakafuni mpaka kwenye miguu ya wale wanaume.

"Inueni miguu!" muzee Yoakimu akapiga kelele. "Musivute pumzi! Tokeni nje!"

Wakatoka mbio, wameziba pua. Mumoja akabaki pale, amefumba macho. "Minye nitatoka mwisho," akasema. Wenzake wakarudi wakamukokota.

Muzee Yoakimu akanigeukia. "Nani amekutuma kutuharibu?"

"Hapana, muzee! Nimekuja kuacha pombe!"

"Na hii ni nini?"

"Ni heshima yako!"

Baba mukwe akavaa kofia. "Veronika, simama. Turudi Makobola."

Nikapiga magoti ndani ya ile pombe. "Baba, sikukunywa!"

"Mulevi gani alishasema amekunywa?"

Jamani, hapo nilitaka kulia. Siku zote nilizolewa, hakuna aliyenikamata namna hii. Leo niko muzima, ndiyo nanuka kama pipa!

Veronika akasimama, akaja mbele yangu. "Fungua mudomo."

"Mbele ya baba yako?"

"Fungua!"

Nikafungua. (Majirani wamejaa dirishani, watoto wamebebwa ili waone.) Akaleta pua karibu, akanusa. "Toa pumzi." Nikatoa. Akanusa tena, polepole, kama anachagua samaki sokoni. Baba mukwe akageukia ukuta kwa haya.

"Iko kitunguu," Veronika akasema. "Iko samaki ndagala. Pombe hakuna. Harufu yake naijua, baba, kwa hiyo hawezi kunidanganya."

Muzee Yoakimu akakohoa. "Basi arudi siku ya Mungu inayokuja. Na asilete kitu! Kitu chochote!"

Baba mukwe akaokota kibuyu, akakitikisa. Bado kilikuwa na kitu. "Zawadi hairudi ilikotoka," akasema, akakiweka kwapani.

"Vua hiyo shati," Veronika akaniambia.

"Utaifulia Makobola?"

"Kwetu Kalundu, weye! Kwani nimehama?"

Nimetembea kifua wazi toka Songo mpaka hapa, nyuma ya bibi yangu, na wale wa misa wote bado wako njiani. Basi chekeni, lakini polepole: yuko nyuma ya nyumba anafua, na sitaki apate sababu ingine ya kuondoka.