Mimi Ndiye Njia ya Binti Yangu

Ndugu Mpima Msongo wa Mawazo,

Pokea salamu za mama aliyemzaa yule binti wa mapokezi wa hospitali ya macho, mwenye sauti inayomfanya mgonjwa apone kabla ya kumwona daktari. Shule niliiachia njiani, lakini utanielewa.

Nimesikia umewapima wafanyakazi jinsi wanavyonyumbulika mambo yakiwazidi. Yule mwenzake wa dirisha la dawa kasema anapumua, anatembea, anacheka, anapanga kazi upya. Ukamsifu. Binti yangu kasema kweli: nampigia mama simu. Ukaandika ana njia moja tu, hanyumbuliki, na cheo cha msimamizi wa mapokezi anachokitaka akisahau kwanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umehesabu njia, hukuuliza njia yenyewe ni nani. Akipiga analia, nambembeleza. Akipiga amekasirika, namwambia meza mate kwanza. Juzi mzee mmoja aligonga meza kwa mkongojo akidai miwani yake imeibwa pale pale mapokezi. Binti kanipigia. Nikamwambia mpe kiti, mpe pole, kisha mtazame vizuri kichwani. Miwani ilikuwa juu ya paji la uso. Hiyo njia moja gani?

2. Huyo wa dawa nimemwona kwa macho yangu akijifungia stoo foleni ikiwa ndefu. Labda ndiko anakopumulia.

3. Umemuuliza binti yangu mtandao wa simu ukikatika atafanyaje. Ndugu yangu, hilo ni kosa la mnara. Kapime mnara.

4. Kwa hiyo nipime mimi, alama zangu umpe yeye. Nimelea watoto watano nyumba ya kupanga yenye choo kimoja, na baba yao akiingia humo hatoki. Kama ni kunyumbulika, mimi ni mpira.

5. Na kwa kuwa mapokezi yenu nayatuliza mimi, niwekewe kiti kando yake, na sare. Fundi asibane mikono.

Nisalimie daktari, walinzi, na mzee wa miwani. Hata wa dawa msalimie, kinyongo changu si kikubwa.

Ni mimi, mama mwenye mwana.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha, binti akaikuta barua mezani, akaisoma yote. Nikasubiri alie. Kavuta pumzi, akacheka kidogo, akasema, "Mama, nakupenda, ila leo acha nikatembee. Cheo nitakwenda kukiomba mwenyewe." Akazima simu, akatoka. Tangu hapo nampigia hapatikani, nakaa, nasimama, napiga tena. Njia nyingine sina. Basi cheo mpe, na sare acha. Kile kiti tu ndicho nakiomba bado, ila kiweke mbele ya meza yako, nije unifundishe kupumua.