Nilimwambia Muuzaji Ni Vito

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mke wangu ametoa hukumu kabla sijamaliza chai: mama yake anakuja Jumapili, na mama yake hali chakula kwenye chumba chenye chura. Sisi tunao wawili! Wanaishi kwenye sanduku la kioo juu ya kabati la vyombo, pale pale ambapo sahani za wageni zilitakiwa zikae. Mheshimiwa ni mnene, wa kijani, ana kidevu. Karani ni mwembamba na kila kitu kinamtia wasiwasi. Karani amefanana na mimi.

Nikauliza wataenda wapi. Akasema jirani yetu, mwalimu wa sayansi, ameshajitolea kuwachukua. Ameshajitolea! Niliwahi kuingia kwa huyo mwalimu kuazima bisibisi. Ana visu vidogo vimepangwa kwa ukubwa, na rafu nzima ya mitungi. Kilichomo kwenye mitungi si jamu.

Nikabembeleza. Mke akalegeza kidogo. Akasema viumbe hawa hawajafanya kazi hata ya siku moja tangu waingie humu. Wakionyesha faida yoyote, atazungumza na mama yake.

Mchana nikaona tangazo kwenye mlango wa kiwanda cha uchapaji kinachotazamana na kazini kwetu. Wanataka picha kumi na mbili za wanyama wa nyumbani, kwa ajili ya kalenda. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa kumi jioni, majibu Jumamosi. Mama mkwe anaheshimu kalenda kuliko kitu chochote kinachoning'inia ukutani. Za miaka ishirini iliyopita anazo zote. Chura aliyetokea kwenye kalenda hafukuzwi. Ninachokosa ni picha tu. Na kamera.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Duka la kamera. Mimi ni fundi miwani, miaka kumi na tisa nakata vioo na kuviingiza kwenye fremu. Lenzi haiwezi kunitisha. Iliyonitisha ni foleni. Nyuma yangu bwana mwenye suti. Nyuma yake dada anayetafuta albamu ya harusi. Muuzaji, mtu mpole mwenye miwani iliyolegea mkono mmoja, akaniuliza kwa sauti ya kufika barabarani nataka kupiga picha ya nini.

Neno "chura" lilifika kwenye meno, likarudi. Nikasema vito. Pete hasa.

Akafurahi sana. Akauliza kama kitu chenyewe kinatembea. Nikasema pete haitembei. Akauliza kama nitahitaji kukaa nacho mbali. Nikacheka kwa dharau kidogo, nikamwambia mimi mwenyewe ni mtu wa lenzi. Basi akaondoa mezani lenzi moja ndefu, nzuri ajabu. Akasema hiyo unapiga kitu kidogo ukiwa umbali wa mkono mzima, ni ya viumbe vyenye roho, vya kuruka na kukimbia, mimi ya nini? Nikaitazama ikirudi kabatini kama mtu anayetazama basi lake likiondoka.

Nikatoka na kamera. Lenzi fupi inayotaka uwe vidole viwili kutoka kwenye kitu. Stendi ya miguu mitatu. Kisanduku cheupe cha kitambaa cha kulainisha mwanga. Na kisahani cha betri kinachozunguka polepole, ili pete ionekane pande zote. Kisahani cha kuzungusha pete! Muuzaji akasema visiponifaa nirudishe ndani ya siku saba, vikiwa safi, na nimweleze ukweli wa kazi yangu ili anichagulie vizuri. Nikasema bila shaka. Bei siiandiki humu. Mke wangu ni msomaji mzuri.

Nyumbani nikasema ni vifaa vya kazini, nimeazima.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Msiba. Vidole viwili kutoka kwa chura si umbali, ni uchokozi. Picha ya kwanza: kijani. Picha ya pili: kijani zaidi. Ya tatu ni tumbo la Mheshimiwa, maana alikuwa ameruka na kunasa kwenye lenzi. Unyevu wa sandukuni ukaifanya lenzi kuwa na ukungu. Nikaifuta kwa kitambaa cha kazini, ikaingia ukungu tena.

Nikamjaribu Karani kwenye kisahani. Mzunguko wa kwanza alikaa kwa heshima zote. Wa pili, hayupo. Nilimtafuta chini ya kabati, nyuma ya pazia, ndani ya birika. Mke wangu ndiye aliyempata, kwa mguu, alipovaa ndara. Sitaandika aliyoyasema. Karani ni mzima. Mimi sina hakika.

Kisanduku cheupe peke yake ndicho walichokipenda. Waliingia wakalala, wamenigeuzia mgongo. Nimefuta picha themanini na tatu.

Jioni mwalimu akachungulia juu ya ukuta, akanisalimu vizuri, akaniuliza mapaja ya yule mkubwa yana urefu gani. Nikasema sijapima. Akasema nisijali, atapima mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Maji yamenifika shingoni. Saa sita na nusu muuzaji wa kamera akaingia dukani kwetu kukaza mkono wa miwani yake. Nikainama chini ya mashine ya kukatia vioo, nikajifanya natafuta skrubu. Sekunde hiyo hiyo mke wangu akaingia na chakula changu nilichosahau nyumbani. Kwa nini nilikisahau leo? Siku mia tatu nakikumbuka!

Mwenye duka letu la miwani akamwita kwa cheo chake, mke wa fundi. Muuzaji akasikia, akanitambua chini ya mashine, akampa hongera. Akamwambia mumewe ni bingwa wa kupiga picha za pete, na kamera aliyonunua ni chaguo zuri. Aliyonunua! Uongo wangu wa kazini na wa dukani ukavuliwa nguo kwa sentensi moja. Mke akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Mara ya mwisho liliishia mimi kulala sebuleni wiki nzima.

Mshindo ukaja jioni, wakati wa kuosha vyombo. Akauliza pete hizo ni za nani.

Hapo ndipo ningesema ni chura. Neno moja, silabi mbili. Nikasema ni moja tu, ni yake. Nikasema namwandalia zawadi.

Akaweka sahani chini. Macho yakalainika, jambo lililonitisha kuliko ukali wote. Akauliza ataiona lini. Nikasema kesho. Kesho! Mwakani pia ni jibu. Mungu akipenda pia ni jibu.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Naandika kwa haraka.

Nilimwomba ruhusa mwenye duka kwa sababu ya jino. Jino ni zima. Mpango ulikuwa safi: mke wangu ni mwoka mikate, na kila akienda kazini huiacha pete yake ya ndoa kwenye kikombe cha mayai jikoni, kwa sababu ya unga. Ningeipiga picha nzuri, niitie kwenye fremu, nimpe. Zawadi ipo, pete ipo, uongo umekuwa kweli. Kisha ningewahi kumpiga Mheshimiwa kabla ya saa kumi.

Nikaweka kisahani ndani ya kisanduku cheupe, pete juu yake, nikawasha. Ikazunguka, ikameta. Nikapiga. Picha yangu ya kwanza inayoeleweka tangu Jumanne! Nilikuwa nakaribia kulia kwa furaha, nikakumbuka kuwa sikufunga mfuniko wa sanduku la vyura.

Chura hajali kitu kilichotulia. Anakula kinachotembea. Najua hivyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu mimi ndiye ninayewatikisia panzi mbele ya pua kila siku. Nikaona ulimi tu. Halafu nikaona kisahani kikizunguka kitupu, na Mheshimiwa pembeni, amefumba macho, anameza.

Nilimwita nani? Mwalimu. Nikubali ujinga wangu: nilimwita mwalimu. Alifika kabla sijashuka kwenye kiti nilichopandia ukutani, na mkoba wake tayari. Akasema ni kazi ya dakika mbili. Nikauliza kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo, kungoja, lakini mtu hajifunzi mengi kwa kungoja. Akaanza kutandaza gazeti kwenye meza ya kulia.

Nikamchukua Mheshimiwa kwa mikono miwili, nikarudi nyuma mpaka kabatini. Nikamwambia mwalimu huenda pete ilianguka tu. Mheshimiwa alitulia kwenye viganja vyangu kana kwamba mikono hii inajua inachofanya. Nilimwonea huruma. Kamera ningeitoa, na stendi, na jino lenyewe. Huyu nisingemtoa.

Mke akaingia, unga mpaka kwenye viwiko. Alitoka mapema, kwa sababu ya zawadi. Mwalimu, ambaye ubaya wake ni ukweli tu, akamsalimu na kumuuliza angependa pete itolewe kwanza au anywe chai kwanza. Mke akauliza pete ipi.

Basi nikamweka Mheshimiwa ndani ya kisanduku cheupe, mbali na mwalimu, nikasema yote. Pete, zawadi, vito, foleni, bwana mwenye suti. Haikuchukua muda. Siku nne za uongo, na ukweli haukufika hata muda wa kuchemsha yai.

Mke aliuliza jambo moja tu: kwa nini sikusema ni chura? Nikasema watu walikuwa wananitazama. Akasema yeye alinikubali mbele ya ukoo mzima, siku ambayo chura alikuwa anatokeza mfukoni mwa koti langu la posa, na hakuona haya. Nilikosa pa kuweka uso.

Kisha akamgeukia mwalimu, akamwambia akunje gazeti lake. Hakuna atakayepasuliwa kwenye meza ambayo mama atalia chakula. Mwalimu akakunja, polepole, kwa masikitiko.

Ndipo Mheshimiwa akapanua mdomo. Mwalimu akapiga kelele tusisogee. Akasema chura akimeza kisicholika, hulitoa tumbo lenyewe nje na kulifuta kwa mkono! Na ndivyo alivyofanya. Alilitoa, akalifuta, akalirudisha kwa utulivu wa mtu anayepangusa meza. Pete ikabaki imekaa kwenye mdomo wake wa chini.

Mimi nilikuwa vidole viwili, jicho kwenye kamera. Ukungu mtupu. Mke wangu, ambaye hajawahi kuwasogelea vyura hawa chini ya hatua tatu, aliinua simu yake akiwa mlangoni. Akabonyeza mara moja. Jicho, kidevu, pete, kila kitu kinaonekana mpaka vidoadoa.

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Nilikimbia, simu yake mkononi. Nilipopita mbele ya duka letu mwenye duka alikuwa dirishani, akaniona mgonjwa wa jino nikiruka mtaro. Kiwandani wakauliza jina la mpigapicha. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Nikaandika la mke wangu.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Wamemchukua! Majibu yalibandikwa jana: Mheshimiwa ndiye mwezi wa Agosti.

Mama mkwe alikaa akilipa kisogo sanduku la kioo. Mke akamwonyesha picha. Akala kidogo. Akaitazama tena. Akageuza kiti. Akauliza yupi kati ya hawa ndiye wa kalenda, akasema kidevu hicho ni cha marehemu shemeji yake kabisa, na yule naye alikuwa mtu mzuri. Vyura wanabaki. Sahani za wageni zitatafutiwa pahali pengine. Karani amekula panzi watatu, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Mke ameichemsha pete mara mbili, ameivaa. Kuhusu mimi ametoa agizo moja. Kesho ni siku ya sita. Nirudishe vifaa, nichukue ile lenzi ndefu, na nikiulizwa nitaje kitu chenyewe. Amenifanyisha mazoezi mlangoni. Nimesema chura mara kumi, mara mbili kwa sauti. Mficha uchi hazai, akaniambia. Nimeelewa. Nimeelewa kabisa! Mtu hubadilika.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nilifika nikiwa mtulivu. Kila kitu safi, nimekifuta kwa kitambaa cha miwani. Neno lipo tayari mdomoni.

Nyuma yangu kwenye foleni: mwenye duka letu la miwani. Alikuja kununua betri. Aliulizia jino langu.

Muuzaji, miwani imekazwa sasa, akauliza kwa sauti ile ile kwa nini narudisha vya vito, na sasa nitapiga picha ya nini. Nilianza vizuri. Midomo ilishajipanga. Nikasema vito nimeacha. Nikasema sasa nimehamia kwa farasi.

Sijui walitoka wapi. Mwenye duka akasema hakujua kama nina farasi. Nikasema ni wawili. Mmoja mnene.

Sikurudi na ile lenzi ya Jumanne, nimerudi na ya farasi, ya urefu wa mkono wangu. Inataka hatua thelathini kutoka kwenye kitu. Sebule yetu ina hatua saba, lakini dirisha la mwalimu linatazamana na letu, na nikiomba kusimama chumbani kwake, pale kando ya mitungi, huenda ikawezekana. Mke hajauliza bado. Nitamwambia ni vifaa vya kazini.

Hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba muuzaji na mwenye duka wote wanapenda farasi, na wanakuja kuwaona Jumamosi. Nina siku tano. Kesho asubuhi naanza kuulizia anayekodisha wawili.